Kuingia Malta na yoti: boti ina saa yake, wewe una yako, soseji hazina kabisa

Watu wanaoniuliza habari za kuingia Malta na boti karibu wote wanaanza na bendera. "Sisi tuna bendera ya Cayman, vile visiwa vya Karibi, je tutalipa VAT?" Bendera inahesabika ndio, ila peke yake haikusaidii kitu jamani. Forodha wanataka kujua mwenye boti makazi yake yako wapi, boti imesajiliwa kwa jina la nani, na inatokea wapi. Halafu kingine ambacho wengi hawakishiki mpaka yawakute: boti, watu waliomo na vitu vilivyomo vinahesabiwa mbalimbali, kila kimoja na sheria zake, na kimoja kikiwa safi haina maana vingine viko safi.

Malta iko EU, yaani Umoja wa Ulaya, tangu 2004, na Schengen, zile nchi zisizokaguana pasipoti mipakani, wakaingia mwisho wa 2007. Kwahiyo ukishuka kutoka Sicily ya Italia, ambayo ni kama kilomita 90 tu kaskazini, kwa upande wa pasipoti ni sawa na kutoka sebuleni kwenda chumbani. Ukitokea Tunisia au Libya au Uturuki hapo unavuka mpaka wa nje wa EU nzima, forodha na uhamiaji wote wanakusubiri kwa pamoja.

Sisi kawaida tunatokea upande wa Tunisia so naongelea hiyo. Ukiingia maji ya Malta, maili 12 za baharini, ile bendera ya njano ya Q iwe imeshapanda upande wa kulia, maana yake bado hamjaruhusiwa. Redioni unawaita Valletta VTS, wale wanaoongoza vyombo vya bandarini, chaneli 12, unataja jina la boti, mmetoka bandari gani, mko wangapi, wao wanakwambia uelekee wapi. Usiende kutia nanga Comino, kile kisiwa kidogo cha Malta, kwanza eti mlale kidogo ndo mwende kuripoti asubuhi, najua maji ya pale yanavutia na najua mmekesha, lakini kuripoti kwanza ndo sheria yenyewe. Mkifunga gatini anashuka nahodha peke yake na mfuko wa makaratasi, wengine mnabaki ndani mpaka amalize, na inaboa kweli kama kuna watoto. Ikiisha, njano inashuka, inapanda ya Malta. Na hapo meli na boti hazitumii ile nyeupe na nyekundu ya taifa, wana bendera yao ya baharini, nyekundu yenye msalaba mweupe katikati.

Makaratasi ni cheti cha usajili, bima, pasipoti zote, orodha ya waliomo, na kama mwenye boti hayupo basi barua yake iliyosainiwa kwamba huyu nahodha nimemruhusu. Hiyo barua watu wanaidharau sana! Nahodha anafika na picha ya meseji ya WhatsApp kwenye simu, bosi kaandika "take her to Malta", afisa anaiangalia tu.

Sasa twende kwenye VAT maana ndo penye hela. VAT ya Malta ni asilimia 18. Yoti ya euro 200,000 ukiambiwa uilipie ni euro 36,000, na ushuru wa forodha bado haujaguswa. Ndo maana kuna utaratibu wa kuingiza kwa muda. Boti iliyosajiliwa nje ya EU, kwa jina la mtu anayeishi nje ya EU, na inayotumiwa na mtu anayeishi nje ya EU, inaruhusiwa kukaa miezi 18 bila kulipa chochote, ilimradi ni matumizi binafsi. Kukodisha watalii haimo. Na tena mara nyingi hujazi hata fomu, ile kuvuka mpaka tu na boti inahesabika umeshatangaza. Kwangu mimi huu ni ukarimu mkubwa, sijui watu wanalalamika nini, miezi 18 ni misimu miwili ya kiangazi. Ila kwa sababu hakuna fomu ndo ujitahidi upate kitu chenye tarehe, muhuri, risiti ya marina (bandari ya boti ndogo), chochote, manake ikifika siku ya kuulizwa boti iliingia lini ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha.

Panapowanasa wengi ni kwenye neno "anayeishi". Wanaangalia makazi, sio uraia. Mzee anaishi nje ya EU, boti ni yake, mtoto wake anaishi Ujerumani anataka kuichukua wiki mbili na marafiki. Mzee akiwa yumo ndani ya EU wakati huo, na mtoto anaitumia mara mojamoja kwa idhini yake, sawa. Mzee akiwa hayupo EU, mtoto akaendesha, utaratibu umevunjika na boti nzima inaweza kudaiwa ushuru na VAT. Wiki mbili za kuogelea kwa euro 36,000 aisee.

Waingereza wao wana yao. Mpito wa Brexit, yaani Uingereza kutoka EU, uliisha 31 Desemba 2020, na boti iliyokuwa imefungwa ndani ya EU siku hiyo ilibaki na hadhi yake ya EU, iliyokuwa Uingereza ikaipoteza. Boti mbili pacha, mwaka mmoja, zimelipiwa VAT ileile, na leo moja inahesabiwa miezi 18 na nyingine haihesabiwi.

Miezi 18 ikikaribia kuisha unatoka nje ya EU, unarudi, inaanza upya. Sheria haijaweka muda wa chini wa kukaa nje, kwahiyo kutoka Malta watu wanavuka kwenda Tunisia, Monastir au Yasmine Hammamet, wanachukua karatasi za bandari zenye tarehe, wanakula, wanajaza dizeli wanarudi. Safi kabisa kwa boti. Kwa watu sasa ndo hapana! Binadamu asiye raia wa EU ana siku 90 za kukaa Schengen ndani ya kila siku 180, na hesabu yake haifutiki kwa kwenda Tunisia wikiendi, siku zako za nyuma bado zipo zinahesabiwa. Na sisi wenye pasipoti za Afrika Mashariki tunaohitaji viza ya Schengen kuna la ziada, kama viza yako ni ya kuingia mara moja basi ukishagongwa muhuri wa kutoka kwenda Tunisia imekufa, boti itarudi Malta na miezi 18 mipya wewe utabaki gatini unapunga mkono. Kabla hujakubali kazi kwenye boti inayozunguka hivi angalia viza inasema mara ngapi. Na usitegemee kwamba muhuri umefifia, tangu 12 Oktoba 2025 wameanza kuingiza ule mfumo wa alama za vidole na picha, kompyuta ndo inahesabu siku.

Vitu vilivyomo sasa. Msafiri wa ndege au feri anaruhusiwa bidhaa za euro 430 bila ushuru, lakini aliyekuja na boti yake binafsi ni euro 300, yaani ukiwa na yoti wanakupunguzia, mi hii inanichekesha kila nikiikumbuka. Pombe kali lita 1, wain lita 4, bia lita 16, sigara 200 kwa mtu mzima. Keshi ikifika euro 10,000 unatangaza. Nyama na maziwa kutoka nje ya EU hairuhusiwi, soseji za Tunisia mle zote njiani au zinaishia kwenye pipa, samaki wanaruhusu mpaka kilo 20. Matunda yanataka cheti cha afya ya mimea isipokuwa matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Tende za Tunisia basi ziko salama, doriani na harufu yake ile sijui nani anasafiri nalo kwenye boti iliyofungwa madirisha.

Mwenye mbwa ndo mwenye kazi kuliko wote. Chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa, halafu Malta ni kati ya nchi chache zinazotaka apewe dawa ya tegu na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia, kwahiyo mkimpa dawa halafu upepo ukawakatalia siku sita mnarudi kwa daktari. Na Tunisia haimo kwenye orodha ya nchi zilizorahisishiwa, kwahiyo mbwa anatakiwa pia kipimo cha damu cha kinga. Kifanyike mkiwa bado EU kabla hamjatoka na kiandikwe kwenye pasipoti yake, ukikisahau ukaja kukifanyia nje ni kusubiri miezi mitatu ndo arudi.