Theluji iliyokuwa ikipotea kwenye kipima mvua changu

Nimelelewa Kericho, kwenye shamba la chai ambako marehemu baba alikuwa karani. Kila siku saa tatu asubuhi alisoma kipima mvua na kuandika daftarini, hata siku ambayo haikunyesha. Nilipohamia Minnesota, Marekani, nami nikasimika changu nyuma ya nyumba.

Ndani yake mna vikombe viwili vilivyoungana kama pembea. Maji yakishuka kutoka kwenye faneli hujaza kimoja, kinapinduka, mwenzake anapokea zamu. Kila mpinduko huhesabiwa kwenye skrini kuwa milimita 0.2 za mvua. Kiangazi chote sikuwa na tatizo. Januari theluji ikaanguka usiku kucha na skrini ikabaki sifuri. Siku tatu baadaye, jua likiwaka na mbingu bila wingu, skrini ikaanza kuonyesha mvua! Ilikuwa theluji ile ile iliyolala kwenye faneli, sasa inayeyuka.

Nikanunua hita ya kufunga chini ya faneli. Kwa hofu ya barafu nikaiacha ichome kwa nguvu, na hapo ndipo nilipokosea.

Bahati njema nilikuwa na kipimo cha mkono pia, silinda ya plastiki yenye mdomo wa inchi 4. Wakati wa baridi natoa faneli yake na mrija wa ndani, silinda tupu inadaka theluji. Asubuhi naiingiza jikoni, namimina maji ya vuguvugu niliyoyapima, theluji ikishayeyuka napima yote na kutoa yale niliyoongeza. Siku moja silinda ilinipa milimita 6.1, chombo chenye hita 3.8. Nilitafuta pa kuvuja nisipaone. Jioni moja, theluji laini ikidondoka, nikamulika tochi nikaona mvuke ukipanda kutoka kwenye faneli. Theluji ilikuwa inageuka mvuke kabla ya kufanya hata tone.

Faneli inatakiwa iwe vuguvugu tu. Nilishusha thamostati, yaani kidhibiti joto cha hita, hadi nyuzi 5 hivi za Selsiasi, na tofauti ikapungua sana.

Kisha baridi ikafika nyuzi 20 chini ya sifuri. Juu theluji iliyeyuka vizuri, lakini maji yaliyotoka kwenye vikombe yaliganda kwenye tundu la kutokea, barafu ikapanda hadi ikavikamata vikombe visicheze. Nililazimika kuongeza hita ndogo kwenye kitako na kuinua chombo kizima kwenye nguzo, maji yadondoke mbali.

Upepo bado unanisumbua, maana theluji nyepesi hupita juu ya mdomo bila kuingia. Nimekihamishia chombo karibu na uzio, si karibu mno, na siku za upepo mkali naweka alama kwenye daftari ili nisizichanganye na nyingine.

Leo saa tatu asubuhi silinda imetoa 4.3, chenye hita 4.0. Nimeziandika zote mbili.