Watu wanaofuatilia safari ya protini

Kila mwaka ninapofundisha somo la seli hapa Bukavu, hutenga muda wa kutosha kuwazungumzia watu waliochunguza jinsi protini inavyosafiri ndani ya seli. Vitabu vyetu hutaja washindi wa tuzo na kusonga mbele, lakini ninaamini kwamba mwanafunzi asiyejua kazi hiyo ilifanywaje, na kwa mikono ya nani, haielewi vizuri, wala hawezi kujiona akiifanya yeye mwenyewe siku moja.

Njia yenyewe inajulikana. Protini inayotakiwa kutoka nje ya seli, kama vile insulini, hutengenezwa kwenye retikulamu ya endoplazma, yaani mtandao wa utando ulio ndani ya seli, hupita katika mfumo wa Golgi, rundo la vifuko bapa vinavyopanga na kufungasha protini, kisha hubebwa na vifuko vidogo vya utando hadi ukingoni mwa seli. George Palade aliichora njia hiyo kwa kutumia seli za kongosho. Baadaye Günter Blobel, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999, alionyesha kwamba protini hubeba ndani yake alama inayoielekeza iendako, kama mzigo wa boti la Goma unavyoandikwa jina la mpokeaji kabla haujapakiwa.

Mwaka 1974 Palade alishiriki tuzo hiyo na Albert Claude na Christian de Duve, wote wawili wazaliwa wa familia za Kibelgiji, na kwa de Duve napenda kukaa kidogo. Maabara yake kule Louvain ilikuwa ikichunguza ini la panya ili kuelewa kazi ya insulini. Walipopima kimeng'enya kimoja (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia), fosfatasi ya asidi, nguvu yake ilionekana kuwa ndogo mno; sampuli zikahifadhiwa kwenye friji, na zilipopimwa tena siku chache baadaye nguvu hiyo ilikuwa imepanda sana. Mtu mwenye haraka angezimwaga na kuanza upya. Wao walitaka kujua sababu, na wakagundua kwamba kimeng'enya kilikuwa kimefungiwa ndani ya kifuko ambacho utando wake ulikuwa umeanza kuharibika kwa kukaa. Ndivyo lisosomu, kifuko cha seli chenye vimeng'enya vya kuvunjavunja vitu, ilivyopatikana, ikapewa jina mwaka 1955.

Peter Novick naye alikuwa bado mwanafunzi katika maabara ya Randy Schekman huko Berkeley alipoanza kutafuta hamira (kiumbe cha seli moja kinachoumua mkate) zenye kasoro, yaani zile zinazokua vizuri kwenye nyuzijoto 25 lakini zikipelekwa kwenye 37 hushindwa kutoa protini zake nje. Ya kwanza ilitangazwa mwaka 1979. Kisha wakatumia ujanja ninaoustahi sana: hamira isiyoweza kutoa kitu nje huendelea kutengeneza protini ndani, hivyo huwa nzito kuliko wenzake na huzama katika kimiminika kizito ambamo nyingine hubaki juu. Kwa njia hiyo walifikisha jeni 23 mwaka 1980. Schekman alipata Nobel mwaka 2013 pamoja na James Rothman na Thomas Südhof, na kila ninapofika hapo husisitiza jina la Novick.

Mwanafunzi wangu wa zamani yuko sasa Ubelgiji katika maabara ya aina hiyo, na hunieleza kazi za wenzake. Yupo anayetunza seli, zinazokaa katika joto la nyuzi 37 na hewa yenye kabonidioksidi ya asilimia 5, katika maji ya lishe ya rangi ya waridi. Yakigeuka manjano, asidi imezidi na lazima yabadilishwe, hata kama ni Jumapili. Yupo wa hadubini, anayekaa gizani akitazama protini iliyounganishwa na protini nyingine inayong'aa kijani. Kwenye nyuzi 40 protini hiyo hunaswa katika retikulamu. Joto likishushwa hadi 32, huachiliwa yote kwa pamoja, na kwa dakika chache mtu huiona ikikusanyika kwenye Golgi.

Sisi wa kando ya Ziwa Kivu tuna sababu yetu ya kuyajali hayo. Kipindupindu kilichoua maelfu ya wakimbizi Goma mwaka 1994 kinatumia barabara hizohizo, ila kwa kurudi nyuma. Sumu yake huingia kwenye seli ya utumbo, hupita Golgi hadi retikulamu, na huko sehemu yake moja hutoroka na kuilazimisha seli kumwaga chumvi, nayo maji hufuata. Daktari anayeijua safari hiyo huelewa kwa nini mgonjwa hukauka upesi hivyo ilhali utumbo wenyewe haujachanika.

Kutunza seli za binadamu au za wanyama kunadai umeme usiokatika, na hilo hapa bado ni gumu. Hamira haidai hivyo: inahitaji chumba safi, bafu mbili za maji zenye joto tofauti, na mtu makini. Ndiyo sababu ninawashawishi wenzangu idarani tuanze na majaribio ya hamira. Mama anayetuandalia maabara ana mkono safi kuliko sisi sote katika kupanda vijidudu kwenye sahani za agari, na nimemwomba awe yeye wa kuwafundisha wanafunzi hatua hiyo, jina lake likiandikwa kwenye ripoti pamoja na yao.