Mtori wa Baba

Kutapika hakukunishtua. Baba alikuwa akitapika tangu Krismasi, na nyumbani tulishauzoea wimbo wa vidonda vya tumbo: vidonge, nafuu siku mbili, halafu anarudia palepale. Kilichonishtua ni maharage. Jumanne asubuhi alitapika maharage tuliyokula Jumapili mchana, mazima, na maganda yake.

Hospitali ya kwanza walituongezea vidonge. Ya pili, daktari kijana alimlaza chali, akamshika kiunoni kwa mikono miwili, akamtikisa kidogo kulia na kushoto. Tumbo likalia chubwi, chubwi, kama dumu la maji lililojaa nusu nyuma ya bodaboda. Nilikuwa mlangoni na nikalisikia. "Shikamoo tena mzee," akasema, kama anayeomba radhi, "hapa chakula kinaingia lakini hakitoki." Kamera ikaonyesha uvimbe kwenye mlango wa tumbo wa kutokea. Kikakatwa kipande kidogo cha nyama cha kupima, majibu yakaja: saratani, na ilikuwa imeshafika kwenye ini.

Walimpitisha mpira puani kumwaga kilichokwama. Beseni lilijaa. Wakampa na dripu, maana kutapika kote kule kulikuwa kumemkausha maji na potasiamu hadi miguu ikawa haimbebi.

Daktari alituwekea njia mbili mezani. Upasuaji wa kuunganisha tumbo na utumbo mdogo, kukwepa pale palipoziba: hudumu zaidi, lakini unataka mtu mwenye nguvu na muda mbele yake. Au stenti, kiwavu cha kupanua pale palipoziba: anakula mapema, anarudi nyumbani mapema, ila inaweza kuziba tena. Jambo moja alilisema mara tatu, tena kwa sauti, kwa sababu baba mdogo alikuwa ameshaanza kupiga simu Marangu kwamba kaka yake anakwenda kuponyeshwa. Stenti haigusi saratani. Inafungua njia tu.

Alitutolea ya mfano. Ni wavu wa nyuzi za nikeli na titani, ukiutazama utadhani kipande cha seng'enge ya banda la kuku kilichoviringishwa. Hukunjwa ndani ya mrija mwembamba kama kalamu. Mgonjwa analazwa kwa dawa, kamera inapita mdomoni, waya unatangulizwa kupenya pale palipobana huku wakiangalia kwa eksirei, mrija unafuata juu ya waya, kisha ganda linavutwa na wavu unajitanua wenyewe. Ya baba ilikuwa na urefu wa sentimeta 9, upana kama wa kidole gumba cha mkulima. Haifunguki yote siku hiyohiyo. Huchukua siku moja hadi tatu. Niliwahi kulalamika kwamba gharama ya kile kiwavu ingenunua ng'ombe wa maziwa. Baba akanijibu ng'ombe hapiti kooni.

Siku ya kwanza maji, kwa vijiko. Ya pili chai na uji mwepesi. Ya nne nikampikia mtori.

Mtori nilioujua unapondwa kwa mwiko na vipande vinabaki. Huu ulikuwa wa aina nyingine: ndizi mshare zimeiva hadi zinasalimu amri, nyama imesagwa mara mbili, vyote vimepita kwenye chujio la chai, maana nyuzi ndefu za chakula hunasa kwenye wavu. Mchicha hapana. Nyama ya kutafuna hapana, mkate mkavu hapana, chungwa na nyama zake hapana. Shangazi alileta kiburu chenye maharage, nikakipokea kwa mikono miwili na kukila mwenyewe jikoni nimesimama.

Baba alikula nusu bakuli. Akakaa wima, kama tulivyoelekezwa, saa nzima akitazama saa ya ukutani. Sote tukaitazama. Hakutapika. Akaomba ile nusu nyingine.

Wiki ya tisa kutapika kulirudi, uvimbe ulikuwa umeota kupitia matundu ya wavu. Wakaweka stenti ya pili ndani ya ile ya kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba hakuna la kufanya, kwa hiyo nililia kwa jambo lililokuwa limefanikiwa, mbele ya manesi, bila aibu.

Leo ni wiki ya 14. Amekonda, anasinzia mchana, maumivu anatulizwa kwa mofini ya maji. Jioni kaja mgeni, nikawatengea wote wawili. Baba akamaliza bakuli lake, akachungulia la mwenzake, akaniita: "Mama, mbona ya huyu ina mfupa?"