Kayaki ya upepo Mwanza: mwaka wa nne, viraka vitano

Kila anayeiona kayaki yangu, mtumbwi mdogo wa kujazwa hewa, ikishushwa kwenye bodaboda huuliza swali lile lile: hii si tyubu tu, na huku kwetu mawe yamejaa? Jibu liko kwenye viraka. Kayaki iko mwaka wa nne na ina viraka vitano. Kimoja ni cha ndoano ya sangara, kimoja ni cha mwiba wa sato, na vitatu ni vya mchanga uliokaa kwenye mshono. Hakuna hata kimoja kilicholetwa na jiwe.

Yangu ni ya watu wawili, mita 3.2, kilo 15 pamoja na mfuko wake. Ina chemba tatu: ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia na sakafu. Ngozi yake ni PVC yenye kitambaa katikati, aina ile ile ya maturubai ya malori. Hicho kitambaa ndicho cha kuulizia kabla hujatoa hela. Zile nyepesi za plastiki tupu, ndugu wa mabwawa ya kuogea watoto, hutanuka zikipata joto na hazirudi zilivyokuwa. Mwaka wa kwanza zinapendeza, wa pili mshono unaanza kuvuja hewa kidogo kidogo kila mahali, na uvujaji wa namna hiyo hauna kiraka. Kuzitambua si kazi: bonyeza ukingo na ukucha. Plastiki tupu inavutika kama mpira wa manati, ile yenye kitambaa inakataa.

Upepo wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Tairi la gari dogo hujazwa kama 30 PSI, kile kipimo cha msukumo wa hewa. Kayaki hii imeandikwa 2 tu kwa kila chemba. Ndiyo maana haipelekwi kwa fundi tairi. Kompresa yake haijui kuhesabu moja na mbili, na kinachopasuka kwanza si ngozi ya nje bali kuta za ndani zinazoishika sakafu iwe bapa. Natumia pampu ya mkono inayosukuma hewa ikipanda na ikishuka. Geji za pampu nyingi za aina hii hazisomi chochote chini ya 5 PSI, sindano inalala tu, kwa hiyo nimehesabu mipigo: kama 40 kila ubavu na 20 sakafu (yangu sasa naipa 17, sababu iko mwisho). Najaza ubavu mmoja nusu, wa pili nusu, sakafu, kisha narudi kumalizia. Ukiujaza mmoja ukakaza wakati jirani yake amelegea, mshono wanaochangia unavutwa upande mmoja. Mwisho nabonyeza kwa kidole gumba. Kikizama kiasi cha sentimita moja, panatosha.

Ukiiingiza majini italegea kidogo. Hiyo si pancha. Maji ya ziwa mara nyingi yako kwenye nyuzi 25 hivi, hewa uliyoijaza ufukweni ilikuwa na joto zaidi, na hewa ikipoa hubana. Iache ielee dakika kumi, ongeza mipigo mitatu minne, panda.

Hatari ni kinyume chake. Ijaze saa kumi na mbili asubuhi hewa ikiwa nyuzi 20, kaa ziwani, halafu rudi saa tano uivute mchangani ukanywe chai. Jua la saa hizo kwenye ngozi ya rangi nzito linaweza kuifikisha hewa ya ndani nyuzi 50. Hapo 2 PSI yako imeshakuwa karibu 3.5, bila mtu kugusa pampu. Mshono wa ndani unaachia kimyakimya, wala husikii mlio. Unakuja kuona siku nyingine sakafu imeota nundu. Dawa ni rahisi mno kiasi kwamba watu huipuuza: ikitoka majini tu, fungua valvu ya kila chemba ipumue kidogo, ndipo uihamishie kivulini. Isipopatikana kivuli, iache ikielea, imefungwa kamba kwenye jiwe. Maji huipoza kutoka chini.

Sasa mchanga. Mwanza inasifiwa kwa mawe yake, na mawe hayo ni graniti. Jiwe zima lililooshwa na mawimbi ni laini; kayaki hugonga, hudunda na kuendelea na safari zake. Lakini graniti ikisagika huacha chembe za kwatzi, madini magumu yenye kingo kali, na huo ndio mchanga mkubwa tunaoukanyaga kwenye fukwe nyingi za hapa. Chembe hizo huingia kayaki kwa nyayo zako, hutelemka hadi pale sakafu inapokutana na ubavu, na hapo zinakaa. Kila pigo la kafi linaisogeza sakafu kidogo dhidi ya ubavu, yaani umeweka msasa katikati ya tyubu mbili na unasugua saa tatu mfululizo. Kwa nje huoni kitu. Tundu linalotokea ni dogo kuliko ncha ya sindano na liko ndani ya pembe ambapo kiraka hakikai sawasawa.

Kwa hiyo usafi wangu unaanza kabla sijapanda. Nina beseni dogo la kuogeshea miguu: naketi ukingoni miguu ikiwa nje, naisuuza, ndipo naiingiza. Nikirudi, napunguza upepo nusu, maana ikiwa imekaza ile pembe haifunguki. Naiinamisha, namimina ndoo ya maji kutoka mbele kwenda nyuma nikiufuata mshono, halafu napitisha brashi laini ya kupakia rangi, ubavu huu na ule. Ndoo mbili hutosha kama sikuburuta, na nne kama nilibeba watoto. Ikikauka napitisha kidole kwenye mshono wote. Kidole kikikwaruzwa, narudia. Kazi nzima ni dakika kumi na tano, na tangu nianze kuifanya sijaongeza kiraka cha mchanga.

Kuburuta ni dhambi ya pili. Kilo 15 watu wawili hubeba kwa vishikio bila shida, na mtu peke yake huibeba kichwani kama godoro, ilimradi hakuna upepo. Ukishindwa, punguza vitu, usiburute.

Mahali pa kushukia napo pana maana. Mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, mchanga umechanganyika na misumari ya mitumbwi, vipande vya chupa na ndoano zilizokatika. Natembea mita mia moja pembeni. Tena tangu maji yalipopanda 2020, yakapanda tena 2024, kuna nguzo za uzio, nondo na visiki vilivyobaki chini ya maji sehemu ambazo zamani zilikuwa nchi kavu. Karibu na ufukwe naenda polepole, na pezi la chini nalifunga nikifika maji ya magotini. Pezi hilo usiliache nyumbani. Bila lenyewe kayaki ya upepo inazunguka kama sufuria kila ukipiga kafi. Likipinda kwa sababu ya kukunjwa vibaya, lichovye kwenye maji ya moto, linyooshe, lishikilie hadi lipoe.

Kama unavua, samaki wasilale sakafuni. Miiba ya mgongoni ya sato husimama anapotapatapa, na wewe ukihamisha mguu unamkandamiza. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko inamaliza tatizo hilo.

Kuziba. Kwanza hakikisha ni pancha kweli. Hewa ya jioni ya nyuzi 30 ikipoa hadi 20 alfajiri huondoka na karibu nusu PSI, kwa hiyo chemba iliyolegea asubuhi haijavuja. Iongeze, iangalie tena baada ya saa mbili kivulini. Ikilegea tena, anza na valvu kabla ya ngozi. Mara nyingi punje moja ya mchanga imekaa chini ya kile kiwambo cha mpira, kinashindwa kufunga. Mwagia maji safi, bonyeza kiwambo mara kadhaa, funga. Kisha paka maji ya sabuni: kama mapovu yanatoka kuzunguka kitako cha valvu, kitako kimelegea. Kaza kwa spana ya plastiki iliyokuja nayo, na usizidishe nguvu.

Mapovu yakitoka kwenye ngozi, zungushia duara kwa kalamu ya wino mzito, maana upepo ukitoka hutalipata tena tundu hilo. Toa upepo wote, tandaza juu ya ubao. Kata kiraka cha mviringo kinachopita tundu sentimita 5 kila upande. Chenye pembe huanza kubanduka kwenye pembe. Kipande cha turubai la lori kinafaa, ni PVC kwa PVC. Piga msasa laini pande zote mbili hadi mng'ao uondoke, usifike kwenye nyuzi. Futa kwa spiriti au asetoni, na ukishafuta usipaguse kwa vidole. Paka gundi nyembamba kote kuwili, subiri dakika kumi, paka ya pili, subiri hadi iguswe inanata bila kuvutika nyuzi. Bandika kuanzia katikati kwenda nje, sukuma hewa kwa mgongo wa kijiko, weka tofali juu, na uiache saa 24. Wengi wanakosea hapo mwisho: wanajaza jioni ile ile, kiraka kinainuka, wanailaumu gundi.

Gundi gani? Ya poliurethani, au ile ya vinili iliyokuja kwenye pakiti. Hiyo ya pakiti ukishaifungua hukauka ndani ya tyubu yake, usitegemee kuikuta mwaka kesho. Solusheni ya pancha za baiskeli imetengenezwa kwa ajili ya mpira. Kwenye PVC inashika siku mbili halafu inateleza. Gundi ya fundi viatu inakusaidia kufika nyumbani, jua likiikuta inalainika. Gundi ya mabomba ya PVC inakauka ikawa ngumu kama kucha na kupasuka kwenye mkunjo wa kwanza, na supa gluu hali ni hiyo hiyo. Nikiwa majini sizibi. Chemba moja ikiisha mbili zinanibeba hadi ufukweni, ingawa kwa kuinama kama mkokoteni uliopoteza gurudumu.

Kuna vitu vinavyoila ngozi bila kuitoboa. Petroli iliyomwagika mialoni na mafuta ya injini vinailainisha. Dawa ya mbu ya kupaka yenye DEET nayo hushambulia vinili. Ukishaipaka, nawa viganja, ndipo ushike kayaki.

Kuhusu upepo wa ziwani sitachukua muda mrefu. Kayaki hii ni nyepesi na imekaa juu ya maji, upepo unaishika kama gunia tupu. Asubuhi hadi saa nne huwa kumetulia. Kuanzia mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, unakurudisha. Huo ni rafiki ingawa mawimbi yake yanachosha. Wa kuogopa ni ule wa kutoka nchi kavu kwenda ziwani, unaokupeleka ukijiona una mwendo mzuri. Siku za hivyo naanza kwa kupiga kafi dhidi ya upepo dakika tano. Nikiona jiwe la ufukweni limekaa pale pale, nakunja na kuondoka. Boya la kuvaa ni lazima kwa kila mtu. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, usiifanye kituo cha kupumzikia bila kibali. Na kwa kuwa miguu hulowa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, kapime kichocho mara moja kwa mwaka, kwa maana huku kipo.

Kuhifadhi: ikauke kabisa, hasa ile pembe ya sakafu, kwa kuwa maji ya kijiko kimoja yanatosha kuotesha ukungu. Naanika kivulini, nanyunyiza poda ya watoto, naikunja kwa kulegeza na kila mara kwenye mstari tofauti, ngozi isije ikachoka sehemu moja. Halafu inaingia kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko. Mfuko wake wa nailoni ni wa safari tu. Panya anautoboa usiku mmoja, na tundu la panya lina kingo zilizotafunwa, halipendi kiraka.

Kile nisichoweza kutengeneza ni ukuta wa ndani. Sakafu yangu ina nundu moja ya ukubwa wa embe, zawadi ya jua la mwaka wa kwanza. Ukuta ulioachia uko ndani, kuufikia ni kuikata sakafu. Haivuji, haijaongezeka tangu nianze kuijaza sakafu mipigo 17 badala ya 20, na ikitokea chini ya mapaja inaumiza. Kwa hiyo nimesogeza kiti nyuma kiganja kimoja, sasa inakaa chini ya vigimbi vya miguu.