Na Miili na Roho za Wanadamu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii sikulala vizuri, na sababu yake ni mstari mmoja wa daftari. Jumatatu tulikuwa tunahesabu mali stoo, nami nikawa napekua madaftari ya zamani ili nilinganishe bei za sukari, ndipo nikakutana na mwandiko wangu mwenyewe: "Kuli, kata mfuko 1, kilo 50." Nilimkumbuka kijana yule mara moja. Siku ile lori liliposhushwa, mfuko mmoja ulipungua, nikaamua kwamba ameuiba yeye, nikamkata ujira wake kidogo kidogo kwa wiki kadhaa mpaka bei ya mfuko ilipotimia, na baada ya hapo hakurudi tena kazini. Miezi miwili baadaye mfuko ule ulionekana nyuma ya magunia ya mchele, panya wameutoboa kwenye kona. Niliandika kwamba mfuko umerudi stoo. Kuhusu kijana sikuandika chochote.

Neno la Yakobo 5:4 mnalijua, kwamba ujira uliozuiliwa kwa hila "unapiga kelele". Nimelihubiri mwenyewe, tena mbele ya matajiri. Lakini kilichonitesa safari hii ni unadhifu wa mwandiko ule: kila tarakimu imekaa kwenye safu yake, mstari umepigwa kwa rula, jumla ya chini imekubaliana na fedha iliyokuwamo kwenye droo. Mkaguzi yeyote angepitisha ukurasa ule na kunisifu.

Nikiwa katika hali hiyo nilikuwa nasoma barua za wafanyabiashara wa Marekani ya karne ya 18, na humo nikawakuta watu wanaofanana nami kuliko nilivyopenda. Katika mji wa Providence, koloni la Rhode Island, walikuwako ndugu wanne wa tumbo moja, Nicholas, Joseph, John na Moses Brown, wafanyabiashara wa mishumaa itengenezwayo kwa mafuta ya nyangumi na wa bidhaa nyingi nyingine zilizopita baharini. Walikuwa watu wa ibada, wa jamii ya Wabaptisti. Septemba 1764 walituma merikebu yao iitwayo Sally kwenda pwani ya Afrika Magharibi chini ya nahodha Esek Hopkins, ikiwa imepakia galoni 17,274 za ramu, pamoja na tumbaku, vitunguu, mishumaa, pingu za mikono 40 na minyororo ya miguu 40. Barua waliyomkabidhi nahodha ni ya adabu na utaratibu, kama barua yoyote ya tajiri kwa wakala wake: auze shehena, anunue watumwa, awapeleke West Indies, yaani visiwa vya Karibi, wakauzwe, na awaletee nyumbani vijana wanne kwa matumizi ya familia.

Nilipoisoma orodha ile ya shehena nilikwenda moja kwa moja kwenye Ufunuo 18, pale wafanyabiashara wa nchi wanapoulilia Babeli kwa sababu hakuna anunuaye bidhaa zao tena. Yohana anaorodhesha kama karani wa bandarini: dhahabu, fedha, vito, kitani, mdalasini, iliki, uvumba, mvinyo, mafuta, unga, ngano, ng'ombe, kondoo, farasi, magari, na mwishoni kabisa, baada ya magari, "na miili na roho za wanadamu". Miaka mingi nimeisoma sura hiyo kama unabii wa mambo yajayo, bila kuona kwamba Roho alikuwa anatufunulia jinsi orodha ya biashara inavyoweza kumshusha mtu mpaka awe kipengele kimoja chini ya magari, bila karani kutetemeka mkono.

Na mkono wa karani wa Sally haukutetemeka. Nahodha alikaa pwani miezi mingi akinunua watu mmoja mmoja na wawili wawili, huku wale waliotangulia kununuliwa wakifia chini ya sitaha. Daftari la safari limebaki hadi leo, na humo vifo vinafuatana kwa namba: mwanamke mmoja, mvulana mmoja, mwanamke aliyejinyonga kati ya sitaha. Agosti 1765, merikebu ilipokuwa imekwisha kuondoka pwani, waliobaki waliinuka wapiganie uhuru wao, wakafyatuliwa risasi, wanane wakafa. Kati ya watu 196 aliowanunua Hopkins, waliokufa hawakupungua 109. Matajiri walipopata habari za misiba ya safari ile walimwandikia nahodha kwamba kusikia yeye ni mzima kumewafariji kiasi cha kubaki wachangamfu, ingawa mali yao imepata hasara kubwa. Barua ile ina upendo wa kweli kwa nahodha wao, na katika upendo huo wote hakuna nafasi hata ya mtu mmoja kati ya wale watumwa waliokufa.

Wapendwa, niruhusuni niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi yetu. Mwaka uleule wa 1764 ndipo kilipopata hati chuo ambacho familia hii ilikifadhili, na ambacho tangu 1804 kinaitwa kwa jina lao. Jengo la ibada la Wabaptisti wa Providence, lililojengwa 1774 na 1775, lilichorwa na Joseph Brown mwenyewe, na bado limesimama. Sisemi kwamba sadaka zao zilikuwa unafiki, kwa maana naamini walitoa kwa moyo. Ninachosema ni kwamba sisi viongozi tumezoea kupokea bahasha siku ya harambee, kumwita mtoaji mbele, kumwombea mbaraka juu ya kazi za mikono yake, na hatuulizi vibarua wake wamelipwa lini. Tunamfahamu mwenye mashine ya kukoboa, lakini mama anayepepeta pumba pale mlangoni hatujui analipwa kwa siku au kwa huruma. Hata mimi nimepokea bahasha za namna hiyo, na nimetoa pia, mwaka uleule nilipokata ujira wa yule kijana. Nilipigiwa makofi.

Baada ya hasara ya Sally, ndugu watatu waliacha kutuma merikebu za watumwa, lakini John aliendelea. Moses hakubadilika kwa siku moja tu. Mkewe Anna alifariki mapema 1773, na Novemba mwaka huohuo Moses aliandika hati ya kuwaachia huru watumwa wake. Mwaka uliofuata akajiunga na Waquaker, jamii ya Wakristo waliokuwa wakiupinga utumwa. Kitu kilichonigusa zaidi ni barua yake ya 1783. Vita vya uhuru wa Marekani vilikuwa vinamalizika, bahari imefunguka tena, na kampuni moja ya mjini kwake, ya Clark na Nightingale, ilikuwa inaandaa merikebu kwenda Afrika. Moses angeweza kuwalaani kutoka mbali, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imekwisha kunawa. Badala yake aliwaandikia kama mtu aliyepita njia hiyohiyo. Aliwaeleza kwamba kama rafiki angemwonya wakati ule, angeepushwa na uovu uliomwachia doa na masumbuko kuliko karibu matendo yake yote mengine maishani.

Soma hapo polepole, ndugu yangu. Miaka karibu 20 ilikuwa imepita. Hakuna mahakama iliyomwita, hakuna mdai aliyebisha hodi, na waliokufa hawakuwa na ndugu Providence wa kuja kudai. Alikuwa na kila nafasi ya kunyamaza, tena kwa heshima, kwa maana alikuwa amekwisha kutenda mema mengi. Akaona ni afadhali wafanyabiashara wenzake wajue aibu yake kuliko wao nao wabebe doa hilo. Toba yetu sisi mara nyingi huishia madhabahuni: tunalia, tunafuta machozi, tunarudi dukani kwa mlango wa nyuma. Zakayo alisimama mbele ya watu waliomjua, akataja fedha, akataja kiasi, mara nne, na Bwana akasema wokovu umefika nyumbani humo siku ileile. Kama kuna mtu ulimpunja, mwandikie au mpigie. Ikiwa hujui kuandika vizuri, mtume mtoto wako aandike, na kama ni aibu mtoto ajue, basi hiyo aibu nayo ni sehemu ya kazi.

Mwingine aliniogopesha kwa upande wa pili. Henry Laurens wa Charleston, South Carolina, alitajirika kwa kuuza Waafrika waliokuwa wakiletwa bandarini hapo, kisha akaja kuwa rais wa Bunge la Makoloni. Agosti 14, 1776, majuma machache baada ya lile Tamko la Uhuru wa Marekani, alimwandikia mwanawe John kwamba anauchukia utumwa. Katika barua hiyohiyo alikadiria watumwa wake wangeleta pauni 20,000 wakinadiwa, na akasema si yeye aliyewatia utumwani. Alisema anatafuta njia ya kuwaachia huru wengi, lakini walio wengi hawakuuona uhuru huo. Ninaifahamu sauti ile. Hata mimi nilijiambia kwamba mfuko ulipungua kweli, kwamba yeyote angemshuku kuli, kwamba nitamtafuta mambo yakitengemaa.

Moses naye hakumaliza salama kila jambo. Alimsaidia Samuel Slater kuanzisha mtambo wa kusokota pamba Pawtucket mwaka 1790, na viwanda vilivyofuata katika nchi ile vililishwa kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini. Nguo za viwanda vya Massachusetts zilifika hata Unguja, zikaitwa merikani, na wazee wetu walijifunga merikani bila kujua jasho lililomo kwenye uzi. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, ulitiwa saini 1833. Nalitaja hili kwa sababu nguo ile ilipita mikononi mwa watu wa nyumbani kwetu.

Alhamisi niliuliza kwa makuli wa zamani, na mmoja wao akanipa namba ya dada yake yule kijana. Nilimpigia. Akasema kaka yake yuko hai, anaendesha bodaboda, na akaniuliza, "Baba, wewe ndiye yule wa sukari?" Nikamjibu kwamba ndiye mimi. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema nije Jumamosi baada ya saa kumi, wakati kaka yake atakapokuwa amerudi. Nimepiga hesabu kwa bei ya sukari ya leo, mara nne, na fedha iko kwenye bahasha mezani hapa ninapoandika. Mniombee nisianze kujieleza.