Kuomba Njia Huku Mizigo Imeshafungwa

Mimi huandika alfajiri, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, kabla mtaa wetu hapa Dodoma haujaanza kelele zake za ndoo na bodaboda. Kabla sijafungua kaunta buku huomba sala fupi ambayo sijaibadilisha kwa miaka mingi: Bwana, niongoze katika haya ninayoyaandika. Kwa muda mrefu niliamini kwamba sala hiyo ikishasemwa, yote yatakayofuata ni yake, na mimi ni mrija tu unaopitisha maji. Imani ya namna hiyo ilinivunjikia mikononi, na ningependa kueleza ilivyovunjika, kwa sababu kile kilichobaki ndicho ninachokitegemea mpaka leo kila ninaposhika kalamu.

Katika jumuiya yetu yuko mama mmoja anayeuza uji wa ulezi asubuhi. Alimzika mwanawe wa miaka tisa, na miezi kadhaa baadaye, katika ibada ya jumuiya, alisimama akatoa ushuhuda usiozidi dakika tano, kisha akaketi na kujifunika khanga. Niliondoka pale maneno yakinichemka kifuani. Usiku huohuo niliandika tafakari ya kurasa nne. Jina lake nililibadilisha, lakini niliuacha uji ubaki, nikauacha na mwarobaini ulio mbele ya nyumba yake, na pale ushuhuda wake uliponyamaza nikajaza mwenyewe kile nilichodhani kwamba hakikosi kuwapo: kwamba usiku ule wa msiba alipiga magoti kando ya kitanda na kumshukuru Mungu aliyetoa na kutwaa. Nilipomaliza niliomba, nikasikia amani. Nikaichukua amani hiyo kuwa ruhusa, nikaandika mwishoni kwamba Roho Mtakatifu ndiye aliyeniongoza kuandika, nikaituma kwa vikundi vya maombi kwa simu. Kabla ya Jumapili ilikuwa imeshasomwa na watu nisiowajua, na wale walionijua walijua pia uji ni wa nani.

Alikuja Jumatatu jioni. Nilimwamkia, akaitika marahaba, lakini kiti nilichomvutia hakukikalia. Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi: "Mwanangu, umeandika kwamba Roho alikuongoza uandike habari zangu. Mimi sibishani naye. Ila mbona hakukuongoza upite kwangu uniulize? Kwani kutoka kwako hadi kwangu ni mbali?" Kati ya nyumba yake na yangu ziko nyumba tatu na bomba la maji.

Sikuwa na jibu, na nadhani hakulingoja. Alipoondoka nilianza kuichunguza ile amani niliyoisikia. Leo naifahamu vizuri: ilikuwa raha ya mtu aliyemaliza kazi yake. Seremala huipata akishapiga msasa mguu wa mwisho wa meza, awe mcha Mungu au asiwe. Ni raha halali, wala siidharau, lakini haijawahi kuwa sauti ya Mungu, na mwandishi Mkristo asiyeweza kuzitofautisha atawaumiza watu wengi huku akiwa na dhamiri safi.

Katika siku hizo za aibu nilikuwa nasoma kitabu cha Yeremia, nikafika sura ya 42, ambayo nilikuwa nimeipita mara nyingi bila kusimama. Yerusalemu imekwisha kuanguka, Gedalia aliyewekwa na mfalme wa Babeli kuwa msimamizi wa nchi ameuawa, na mabaki ya watu, wakiongozwa na Yohanani mwana wa Karea, wamepiga kambi karibu na Bethlehemu kwa nia ya kukimbilia Misri. Wakiwa pale wanamwendea Yeremia na kumsihi awaombee kwa Mungu awaonyeshe njia, wakiapa kwamba watalitii jibu lake, likiwa jema au likiwa baya. Yeremia anakubali. Halafu Biblia inasema jambo ambalo mhubiri akiwa na haraka hulimeza: neno la Bwana lilimjia baada ya siku kumi. Nabii aliyeitwa tangu tumboni mwa mama yake, aliyekuwa amezoea kuisikia sauti hiyo kwa miaka mingi, alikaa siku kumi bila kuwapa neno, mbele ya watu wenye hofu waliotaka kuondoka leo kabla ya kesho. Ningekuwa mimi, siku ya kwanza jioni wangekuwa na kurasa nne.

Jibu lilipokuja liliwataka wabaki katika nchi, wasiende Misri. Wakalikataa, wakamwambia nabii kwamba anasema uongo, na kwamba Baruku, karani wake, ndiye anayemchochea. (Waandishi wenzangu tulitazame hilo: katika ugomvi wa watu na nabii, lawama imemfikia karani aliyeshika kalamu.) Walikuwa wameomba njia huku mizigo imeshafungwa, na safari ya Misri ilikuwa imeshaamuliwa moyoni kabla ya sala kuanza. Hapo nilijiona kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Mimi nami niliomba uongozi baada ya kurasa nne kukamilika, na kilichobaki kilikuwa kupata muhuri.

Tangu wakati huo nimejiwekea siku kumi. Sizifanyi kuwa sheria ya Mungu, wala simwambii mtu mwingine azishike. Ni kamba niliyojifunga mwenyewe kwa sababu najijua. Andiko lolote linalomgusa mtu aliye hai, au linalotaka kuwaambia watu Mungu anafanya nini katika jambo fulani, nalilaza siku kumi ndani ya droo kabla ya mtu yeyote kuliona. Katika siku hizo naomba tofauti na nilivyozoea. Zamani niliomba nipewe maneno. Sasa naomba zaidi nionyeshwe lipi si la kweli, lipi si langu kulisema, na nani ninapaswa kwenda kumwona. Nikiri kwamba kwa kipimo hiki uongozi wa Mungu umekuja kwangu mara nyingi zaidi kama mkono unaofuta kuliko mkono unaoandika, na yako maandiko matatu au manne ambayo hayakutoka kabisa kwenye ile droo.

Rafiki mmoja anayehubiri aliniambia kwamba nimekuwa mwoga, kwamba mashaka ya namna hii huuzima moto wa Roho, na kwamba manabii hawakuwa wakisema "nadhani". Nilimpeleka kwa Paulo. Katika 1 Wakorintho 7, akiwaandikia watu kuhusu ndoa, mtume anagawanya maneno yake waziwazi: hapa anasema kwamba amri si yake bali ni ya Bwana, mistari miwili mbele anasema kwamba sasa anasema yeye wala si Bwana, kisha akifika kwa wanawali anakiri kwamba hana amri ya Bwana, ila anatoa shauri. Mwisho wa sura anaongeza kwamba anadhani yeye naye ana Roho ya Mungu. Anadhani! Mtu aliyekuwa na haki kuliko sisi sote ya kutia muhuri kila sentensi aliona ni vema msomaji ajue mpaka uko wapi. Tangu nilipolitambua hilo, maneno "Bwana ameniambia" yamekuwa mazito sana mkononi mwangu, na mara nyingi naandika kwa urahisi "hivi ndivyo ninavyolielewa andiko hili". Sijaona msomaji aliyepungukiwa imani kwa sababu hiyo.

Na Luka? Injili yake haifunguki kwa maono. Inafunguka kwa mtu anayemweleza Theofilo kwamba amejitafutia usahihi wa mambo yote tangu mwanzo, akiyategemea yale waliyoyapokea kutoka kwa mashahidi walioona kwa macho. Kanisa limeyapokea maandiko yake kuwa yenye pumzi ya Mungu, nayo yalitoka kwa mtu aliyeuliza maswali. Mimi nilikuwa na shahidi nyumba ya nne kutoka kwangu, sikumwuliza.

Niseme pia kidogo kuhusu ufundi, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kujifunza kuandika ni kumpunguzia Mungu nafasi. Hapa Dodoma tunaye wa kujivunia, Mathias Mnyampala, Mkatoliki aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki 1969, aliyezigeuza Injili na Zaburi kuwa tenzi. Ubeti wa utenzi una mistari minne, kila mstari mizani nane, yaani silabi nane, na kina cha mstari wa nne, ile sauti unayoishia nayo, hurudi katika kila ubeti mpaka mwisho, hata beti zikiwa mamia. Niliwahi kujaribu Zaburi ya 23 peke yake. Biblia yetu inasema "Bwana ndiye mchungaji wangu". Nikahesabu kwa vidole: Bwa-na-ndi-ye-m-chu-nga-ji-wa-ngu. Kumi. Mizani nane inataka "Bwana mchungaji wangu", na hapo "ndiye" inaondoka, neno dogo linalobeba dai zima kwamba ni yeye, si mwingine. Nilikaa asubuhi mbili nikitafuta mahali pa kulirudisha dai hilo katika mstari wa pili. Niliomba, bila shaka, lakini hakuna sala iliyowahi kupunguza mizani kumi zikawa nane. Nilichopewa ni uvumilivu wa kuendelea kukaa pale, na sasa nausadiki kuwa ni uongozi kamili, hata kama hauna cha kusimulia kwenye mkesha. Nabii Habakuki aliambiwa aiandike njozi iwe wazi sana, anayeisoma aisome kama maji. Njozi alipewa, lakini kuiandika ikawa wazi ilikuwa kazi yake.

Ile tafakari niliiondoa nilikoweza na kuomba radhi kwa vikundi vyote nilivyoituma, ingawa kilichosambaa kwa simu hakirudi chote. Miezi saba baadaye, mama yule mwenyewe aliniambia nikimkuta bombani kwamba, kama bado nataka kuandika, niende nyumbani kwake na karatasi. Nilikwenda. Aliweka miwani, akasoma nakala ya zamani pole pole chini ya mwarobaini, akiwa na biki nyekundu ya mwanawe mkubwa. Uji aliuacha ubaki. Jina lake alilirudisha, akisema hana haja ya kufichwa. Alipofika pale nilipompigisha magoti kando ya kitanda, alisimama kwa muda, kisha akachora mstari juu ya sentensi yote, ile niliyokuwa nimeipenda kuliko zote.

"Usiku ule sikumshukuru," alisema. "Nilimnyamazia. Kumshukuru nimekuja kumshukuru baadaye sana, mwaka mwingine kabisa, nikiwa nakoroga uji. Andika hivyo."

Nikaandika hivyo.