Nilivyoipata picha ya mzee wa kanzu

Mzee ninayemzungumzia ni jirani yangu hapa Tanga, fundi seremala aliyestaafu, mweusi wa kung'aa, ambaye siku ya Ijumaa hatoki nyumbani bila kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua. Nilimwomba nimpige picha kwa kamera yangu kubwa, ile inayotumia kipande kimoja kimoja cha filamu chenye ukubwa wa inchi 4 kwa 5, nikidhani kazi ingekwisha kwa asubuhi moja. Ilinichukua miezi mitatu, na sehemu kubwa ya miezi hiyo niliimalizia bafuni, gizani.

Kamera ya namna hii haikubali haraka. Unaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi, na kwenye kioo cha ukungu unamwona mtu kichwa chini miguu juu, kulia kwake kukiwa kushoto. Wiki za kwanza jambo hilo lilinikera, lakini baadaye ndilo lililonifundisha kutazama, kwa kuwa sura iliyopinduka haiwi tena sura ya mtu unayemfahamu, bali mabaka ya mwanga na kivuli. Hapo ndipo nilipoona kwamba kanzu ya mzee, iliyopokea mwanga wa uani, iliuacha mbali sana uso wake uliokuwa katika kivuli cha baraza.

Kipimamwanga hakitambui uso wala kanzu. Kila unachokielekezea hukichukulia kuwa kijivu cha wastani, kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Katika mfumo wa zoni, unaopanga mwanga kwa ngazi kutoka zoni ya 0, weusi tupu, hadi ya 10, weupe tupu, na uliotungwa na wapiga picha Ansel Adams na Fred Archer huko Los Angeles, karibu mwaka 1940, kijivu hicho ni zoni ya 5, na ngozi ya Mzungu iliyo mwangani huwekwa zoni ya 6. Nililifuata hilo kama nilivyolisoma, bila kujiuliza ngozi iliyokuwa mbele yangu ni ya nani. Nilipompelekea mzee nakala ya kwanza, baada ya shikamoo na marahaba aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, huyu umempaka unga."

Alisema kweli. Uso ulikuwa wa majivu, na kanzu ilikuwa doa jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja. Siku tuliyorudia nililiweka shavu lake lililoelekea mwanga kwenye zoni ya 4, nikapima kanzu na kukuta inaangukia zoni ya 9, ambako kitambaa hupotea kabisa. Dawa ya hali hiyo ni kuipa filamu mwanga unaoitosha ngozi, kisha kuisafisha kwa muda mfupi zaidi, kwani kupunguza muda wa kusafisha huzishusha sana sehemu zilizopata mwanga mwingi, ilhali zile za kivulini huguswa kidogo tu. Nilipunguza karibu asilimia 20. Kwa maji ya bomba ya Tanga hesabu hiyo si nyepesi: filamu ya HP5 Plus inayohitaji dakika 13 katika dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa nyuzi 20 za Selsiasi, huhitaji kama dakika 9 tu dawa ikifika nyuzi 24, na maji yangu yalikuwa na nyuzi 29. Nilinunua barafu za mifuko kwa jirani na kulizungushia beseni la dawa, na tangu siku hiyo sijasafisha filamu bila kipimajoto.

Kosa jingine halikuhusu mwanga. Ukishachomeka kishikio cha filamu nyuma ya kamera, kioo hakikuoneshi kitu tena, na mzee alikuwa na desturi ya kuinama mbele kidogo kila aliposikia mlio wa chuma. Kwa lenzi ya milimita 210, tundu la f/11 na umbali wa mita moja na nusu, sehemu inayotoka kali haizidi sana upana wa kiganja. Nilipata masikio makali na macho yenye ukungu. Niliponea kwenye uzi: nilifunga ncha moja kwenye kamera, nikapiga fundo pale ulipogusa pembe ya jicho lake, na kabla ya kufyatua nilimwomba alirudie fundo. Alicheka sana, akasema amewapimia watu mbao miaka arobaini na sasa anapimwa yeye.

Negativu ya mara hii ilikuwa nzuri, lakini negativu nzuri bado si picha. Nilianza na vipande vyembamba vya karatasi ya kuchapia, vya majaribio, sekunde nne nne, na sekunde 16 kwa filta namba 2, ile ya tofauti ya wastani kati ya weusi na weupe, zikanipa uso niliouona chini ya kitambaa. Kofia, hata hivyo, ilitoka nyeupe tupu, na vile vitobo vilivyodariziwa kwa mkono, ambavyo ndivyo thamani yake, havikuonekana. Nilikata kadibodi yenye tundu la umbo la kofia, nikaiongezea kofia peke yake sekunde 9 kwa filta ya 00, inayolainisha tofauti hiyo, huku nikiitikisa kadibodi ili mpaka usijichore. Kwenye taa nyekundu niliviona vitobo vikijitokeza kimoja kimoja ndani ya dawa, mstari kwa mstari.

Asubuhi picha ilikuwa imekufa. Karatasi ya nyuzi, ile isiyopakwa plastiki, huongeza weusi kidogo ikikauka. Kwa ngozi nyeupe huenda usilione hilo, lakini kwa ngozi nyeusi, ile tofauti ndogo kati ya shavu na kivuli cha taya ndiyo sura yenyewe, nayo ilikuwa imezama. Nilirudia kwa sekunde 14 na nusu, nikaukinga na mwanga upande wa jicho la kushoto kwa sekunde 2, nikaikubali picha ambayo ikiwa majini ilionekana nyepesi mno.

Siku hizo nilimfikiria mara nyingi Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948. Kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu kwa kamera ya sentimita 13 kwa 18, akaichapa kwa kuigusanisha negativu na karatasi, bila kuikuza. Nakala kubwa zilizochapwa Ufaransa miaka ya 1990 kutokana na negativu zake zina weusi mzito na weupe mkali zaidi. Watu ni wale wale, lakini mimi nazipenda zaidi zile ndogo, kwa kuwa kijivu chake hakiwapigi watu kelele.

Nakala ya mzee iko ukutani sebuleni kwake. Aliposhika ile ya mwisho hakusema lolote kuhusu uso, ila alisogea mlangoni kwenye mwanga, akavipitisha vidole juu ya kofia bila kuigusa karatasi, akaniambia nani aliyeishona. Sasa anataka nyingine, akiwa na tezo yake na shati la kazi la kaki iliyochakaa. Humo hamtakuwa na weupe wowote wa kuutuliza, kwa hiyo filamu hiyo nitaisafisha kwa muda mrefu zaidi, na barafu nimekwisha kuziagiza.